Maji ya Mtani

Mjukuu wake ndiye aliyenipigia simu. "Shikamoo bibi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso. Nikaitikia marahaba. "Bibi, babu ametutoka alfajiri. Aliagiza akifa aitwe mtani wake, Mwanahamisi. Tumehangaika kweli kuipata namba yako." Nikamuuliza babu yupi, ingawa nilishajua. "Mzee Kasanda, bibi. Wa Kariakoo." Nikaweka kikombe cha chai chini, si kwa huzuni. Habari hiyo nilikuwa nimeisubiri muda mrefu, sikutaka kuifurahia kwa makosa. "Amekufa kabisa?" nikauliza. Kijana akacheka huku analia. "Bibi nawe! Kweli wewe ndio mtani." Nikakata simu, nikavaa baibui, nikaondoka bila hata kumaliza chai.

Niseme mapema ili tusidanganyane. Sikumpenda mtu yule, sijamsamehe, na sikwenda msibani kumlilia. Nilikwenda kwa sababu aliniita, na kwa sababu mtani hazuiwi mlangoni. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na makabila yetu yamekuwa watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wa mtani wako unaruhusiwa kuvaa kofia ya marehemu na kumwigiza, kuutukana ukoo mzima, kulizuia jeneza mpaka upewe chochote, na wafiwa wanatakiwa wacheke. Ni desturi nzuri, nimeona ikiwainua watu waliokuwa wamevunjika moyo. Lakini ina sharti moja ambalo kila mtoto analijua, kwamba kwenye utani hakuna kununa. Sharti hilo ndilo lililotuangamiza mwaka ule.

Siku hizi naishi Vingunguti, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi, jirani na mabwawa ya majitaka. Magari ya kunyonya vyoo yanapita mbele ya dirisha langu kutwa nzima, yanaenda yamejaa na kurudi matupu. Wageni wangu huziba pua. Mimi nimezoea, na kusema kweli mabwawa yenyewe siyachukii. La kwanza ni jeusi, zito, linatoa mapovu. Linalofuata ni la kijani. La mwisho lina ndege wenye miguu mirefu wanaotembea pembeni kwa maringo. Binti mmoja wa chuo aliyekuja kuchota maji ya kupima alinieleza kuwa hapo hakuna dawa inayotiwa, ni jua na muda tu. "Yakitulia yanajisafisha yenyewe, bibi," akasema. Nikamwambia mimi nami nimekaa kwenye jua hilihili miaka mingi na bado sijatulia. Akacheka, akadhani namtania. Hiyo ndiyo shida ya maisha yangu, watu kudhani natania.

Mwaka ninaousema nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikikaa Kariakoo na shangazi yangu, Bi Tatu. Tulipanga vyumba viwili kwenye nyumba ya Kiswahili, korido katikati na vyumba huku na huku, uani choo cha shimo, bafu na jiko. Ua huo ndio uliokuwa hoteli ya shangazi. Hakukuwa na kibao. Mteja aliingia mlango wa mbele, akapita kwenye giza la korido kati ya mapazia ya wapangaji, akatokea uani kwenye mwanga, akakuta mabenchi, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na shangazi kwenye kigoda nyuma ya masufuria yake. Asubuhi chai, chapati na supu ya utumbo. Mchana wali, maharage, mchicha wa nazi na samaki wa kukaanga. Walikuja wapagazi wa sokoni, mafundi cherehani, hata mawakala wa bandarini wenye mashati ya kola ambao walitandika leso kwanza ndipo wakae. Shangazi aliringia mikono yake. Sahani aliisuuza mara mbili, akaifuta, akaifunika juu ya chanja. Mtu akibakiza chakula alimuuliza kwa ukali, "Kimekuudhi nini?" Sijaona mtu aliyelipenda jina lake kama yeye. "Mimi Tatu wa ubwabwa," alikuwa akisema, "siitwi Tatu wa kitu kingine." Jina hilo ndilo lililokuja kuchafuliwa, na ndilo nililokwenda kulidai msibani.

Pembeni ya jiko kulikuwa na chemba, shimo la mraba lenye mfuniko wa zege. Maji ya bafuni na ya kuoshea vyombo yalipitia humo kwenda kwenye bomba la mji, lililokuwa chini ya uchochoro wa nyuma. Bomba hilo lililazwa wakati mtaa mzima ni nyumba za chini, za watu wanaooga kwa kopo, na maji ya kopo hayalisumbui bomba. Halafu nyumba ya jirani ikanunuliwa na Mzee Kasanda, mtu wa Tabora, aliyeanza na biashara ya asali akamalizia na biashara ya kila kitu. Aliibomoa, akajenga gesti ya ghorofa yenye vyoo vya kuvuta kila sakafu. Mkewe, Bi Kalunde, alikaa mapokezi, mwanamke mkimya wa ushungi mweupe, akikata miche ya sabuni ya buluu kuwa vipande vidogo vya kuwapa wageni. Hakukata kwa kisu. Alizungusha uzi kwenye mche, akavuta ncha zote mbili, kipande kikadondoka kikiwa laini, bila chenga. Dirisha la mapokezi lilikuwa linatazama barazani kwetu, nami nilipenda kumwangalia akifanya kazi hiyo.

Siku Mzee Kasanda alipojua sisi ni Wazaramo aliingia uani kwa kelele. "Hodi humu, watumwa wangu! Nani kanifichia ubwabwa?" Shangazi alimjibu bila kugeuka. "Mpagazi, shusha kwanza hizo pembe za ndovu huko nje, utanivunjia vyombo." Wateja wakaangua kicheko. Yeye akakaa, akajipakulia mchicha kwa mkono wake mwenyewe. "Huu ua mngenipa mimi ningejenga. Nyinyi mtauza mkacheze ngoma." Shangazi akasema, "Nyinyi mlipoiona bahari mara ya kwanza si mlidhani mbuga imeingia mafuriko? Mkatafuta wa kuwavusha." Ikawa hivyo kila siku, na watu wengine walikuja kula kwetu ili tu wawasikilize. Na mimi nilicheka. Hata leo nikiikumbuka ile ya mbuga nacheka, halafu nakasirika kwamba nimecheka.

Sikukuu ya Idi nyumba nzima tulikwenda kuswali Mnazi Mmoja, na baada ya swala tukakawia kuangalia watoto na nguo zao mpya. Tuliporudi tulikuta mlango wetu wa uchochoroni uko wazi na mafundi wa Mzee Kasanda wako uani, wanafukia mtaro chini ya ukuta unaotutenganisha na gesti. Zege lilikuwa bichi. Mwenyewe alikuwa amesimama pale na kanzu yake ya Idi. "Ukuta wenu ulitaka kutuangukia, mtani," akasema. "Nimewajengea bure, tena sikukuu. Semeni asante hata kwa Kizaramo." Shangazi alimtukana kidogo kama ilivyo ada, kisha akawapakulia mafundi pilau, sahani mbili zilizofurika, nyama juu. Nilizipeleka mimi. Mmoja wao alipokea bila kunitazama usoni, nikadhani anaona aibu kula kwa watu. Nimekumbana na mengi baada ya hapo, lakini pilau ile inaniuma kuliko yote.

Gesti ikaanza kazi. Wasafiri wanaowahi mabasi huamka pamoja, wanaoga pamoja, wanavuta vyoo pamoja, na saa hiyohiyo ndiyo shangazi anatandaza chapati ya kwanza kwenye chuma. Mfuniko wa chemba ulianza kwa kutoa mlio, kama mtu anayesukutua. Kisha maji ya kijivu yakachungulia pembeni, yakatambaa chini ya benchi, yamebeba vitu ambavyo sitavitaja, kwa heshima ya anayesoma huku anakula. Wateja waliinua miguu, wakainua na sahani, wengine wakajikaza kucheka. Siku ya kwanza tulidhani ni ajali. Tukamwaga majivu, tukafagia, tukamwaga dawa, tukapika upya. Kesho yake yakarudi. Kila asubuhi yakarudi, na mimi ndiye niliyekuwa nashika fagio, kwa hiyo mimi ndiye niliyeviona: vipande vya sabuni, vya buluu, vidogo, laini pande zote. Sisi tulikata sabuni yetu kwa kisu, ikawa na kingo zilizochanika. Nikaviokota, nikaviosha, nikaviweka kwenye kopo tupu la siagi. Nilipofunua mfuniko wa chemba nikaona na tundu jipya upande wa ukuta wa gesti, zege lake bado jeupe. Tukaliziba kwa matambara na mawe. Gesti ilipooga asubuhi, matambara yakatoka yakaelea mpaka mlangoni pa jiko.

Shangazi alikwenda gestini na hasira ya kweli, nami nyuma yake. Alisimama mapokezi akasema, "Kasanda, umenimwagia mavi jikoni." Wageni waliokuwa wakinywa chai wakageuka. Mzee Kasanda akapanua mikono. "Mtani! Nimekuletea mbolea, na bado mchicha umekushinda?" Ukumbi mzima ukacheka. "Sitanii," shangazi akasema. "Mzaramo akisema hatanii ujue ndio kwanza anaanza!" Wakacheka zaidi. Nikauona uso wa shangazi ukihangaika. Ulimi wake ulikuwa umezoea kumjibu mtu huyu kwa namna moja tu, na sasa ukamponyoka. "Mbolea ya mpagazi haioteshi, inaunguza," akasema, na watu wakashika mbavu. Alikwenda kushtaki, akarudi amechekesha. Njia nzima, ambayo ilikuwa ni kutoka mlango hadi mlango, hakunisemesha. Alipofika uani alikaa kwenye kigoda akasema, "Nimesema nini mimi? Nimesema nini, Mwana?"

Nimemfikiria sana yule mzee, na sijawahi kuamua kama alikuwa mjanja au mjinga. Mjanja angejua kwamba utani ni ukuta mzuri kuliko ule wa zege, kwamba anayejificha nyuma yake hapigwi mawe, anapigiwa makofi. Mjinga angeamini kweli kwamba tunafurahi wote. Alikuwa na uso wa mtu anayefurahi. Alikuja kula kwetu hata baada ya siku ile, akaruka maji yake mwenyewe kwa kunyanyua msuli, akasema, "Wazaramo mmejichimbia bahari ya karibu." Nilitaka kummwagia supu. Nilishika upawa, nao ulikuwa wa moto, na shangazi akanitazama kwa namna ya kuniomba nisithubutu, maana mtani akimuumiza mtani mwenye makosa ni yeye.

Kisha masika yakaingia. Mtu wa uswahilini anajua maana ya kutapisha. Shimo la choo likijaa na gari la kunyonya ni ghali, mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa shimo upande wa barabara, choo kinatapika na mvua inabeba. Kila mtu analaani jambo hilo, wakiwemo wanaolifanya. Mtu wa kawaida akitapisha anasemwa siku mbili tatu, lakini anayepika chakula cha kuuza akitapisha hana tena pa kuuweka uso. Mvua ya kwanza kubwa iliijaza chemba yetu, maji yakapita koridoni mbele ya mapazia ya wapangaji, yakatoka mlango wa mbele, yakashuka ngazi hadi barabarani. Mtaa mzima ukaona yanatoka kwa nani. Nilikuwa ndani, dirishani, nikamsikia muuza vitunguu akimwambia mwenzake, "Bi Tatu katapisha." "Acha bwana!" "Wallahi vile. Mchana kweupe. Na ndo wali wake huo unausifiaga." "Mi nshakula asubuhi, ujue." "Basi kateme." Nilifungua dirisha nikawatukana wote wawili kwa majina ya mama zao. Walitazamana, wakacheka. "Wazaramo hao," mmoja akasema, "wanatania mpaka wasio watani zao."

Wazibuaji wa mji walikuja mara moja, na fito ndefu za kuunga. Walifunua chemba, wakasukuma kuelekea uchochoroni, fito zikapita bila kukwama. Msimamizi wao akasema bomba halijaziba, limezidiwa, maji yanayoingia si ya nyumba hii peke yake. Akalitazama tundu la upande wa gesti, akanyanyua macho akalitazama ghorofa, akarudisha macho chini. "Kwa hiyo?" nikamuuliza. "Dada, mimi kazi yangu kuzibua. Nani kaunga wapi, hayo ya kwenu na mjumbe." Akaomba maji ya kunawa. Nilimmiminia, akanishukuru vizuri, akakataa chai.

Tukaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Shangazi alikataa kusema. "Useme wewe," akaniambia tukiwa njiani. "Mimi nikifungua mdomo watacheka." Kikao kilikuwa barazani kwa mjumbe baada ya alasiri, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, na Bi Kalunde alikuwepo mwisho wa mkeka. Nilieleza yote kuanzia siku ya Idi, sikupandisha sauti. Nilipomaliza nikalimwaga lile kopo mezani. "Hizi sabuni zimetoka chemba ya jikoni kwetu," nikasema. "Sisi hatuna sabuni za namna hii. Mwenye nazi anajulikana." Watu wakainama kuzitazama. Kwa muda mfupi nilidhani tumeshinda. Kisha Mzee Kasanda akanyanyuka, akachukua kipande kimoja, akakinusa, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kumbe ndio maana sabuni zangu zinakwisha! Mjumbe, nashitaki. Wazaramo wananiibia sabuni, na hata kuoga hawaogi!" Mjumbe alicheka mpaka akavua miwani afute macho. "Njoo uone tundu," nikamwambia mjumbe. "Ni hapo tu, njoo." "Niingize pua kwenye chemba ya watani? Si mtanisukumia humo!" Wakacheka tena. Nikasema mimi siko kwenye utani. Akaniangalia kwa upole, na upole ule nauchukia kuliko matusi. "Binti, hujafundwa? Kwenye utani hakuna kununa. Nyie watani, kamalizaneni wenyewe. Mimi nikianza kuamua kesi za watani nitaonekana mwehu." Bi Kalunde alikuwa amekwisha kuondoka. Nilifikiri amechoshwa na kelele.

Kipindupindu kilipoingia mjini mvua zikiendelea, bwana afya alipita mtaa hadi mtaa akifunga vibanda vya chakula. Vingi vilifunguliwa tena jua lilipotoka. Kwetu alikuta chemba inachemka na sufuria la wali liko hatua chache tu kutoka hapo. "Mama, unapika juu ya choo?" akamuuliza. Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amekosa la kujibu. Mimi nilisema, nililia, nilimvuta bwana afya mkono nikamwonyesha tundu, akasema hilo ni jambo la idara nyingine. Akachora alama nyekundu kwenye mlango wetu, huku watu wamejaa barabarani. Kesho yake watoto walikuwa na wimbo. Tatu wa mavi, waliimba, wakipiga makopo. Shangazi alikaa ndani pazia limeshushwa, akikuna nazi ambayo haikuwa na kazi. Hakuna mteja hata mmoja aliyekuja kutupa pole, na baadhi yao walikuwa wamekula kwake kabla sijaota meno ya mbele.

Mwenye nyumba aliuza. Mnajua aliyenunua. Siku tunahama Mzee Kasanda alikuja mwenyewe na kulibeba sufuria kubwa la wali hadi kwenye mkokoteni, ingawa hatukumwomba. "Si nilisema mtauza mkacheze ngoma?" akasema, akamshika shangazi bega, na machozi yalimlengalenga, naapa. Watu waliosimama wakasema tazama watani wanavyopendana. Shangazi hakumtukana. Alisema tu, "Haya, Kasanda," kama anavyosema mtu aliyechoka sana. Huku Vingunguti hakupika tena cha kuuza. Alitupikia sisi wa nyumbani, na kila alipopakua, kabla hatujaonja, aliuliza, "Kinanuka?" Tulimwambia hakinuki, kinanukia. Aliuliza hivyo kila siku mpaka siku zake zilipokwisha, na kati ya watu wa Kariakoo waliokuja kumzika nilisikia mmoja akimweleza mwenzake kwa kunong'ona, "Si yule aliyetapisha?"

Kwa hiyo nilikwenda msibani. Ilipokuwa gesti na ilipokuwa nyumba yetu pamesimama ghorofa moja refu la maduka, na mzee na mkewe walikuwa wakiishi chini, nyuma. Wanawake walikuwa wametandikiwa mikeka kwenye maegesho, magari yametolewa. Niliutambua uchochoro, nikajua nimesimama uani kwetu. Ubani ulikuwa unafuka kila kona na haukusaidia, maana harufu ile bado ipo. Chini ya mkeka mmoja palikuwa na kitu kimeinuka, na mama aliyekalia hapo alikuwa akijisogeza kila mara bila kujua kinachomsumbua ni nini. Mimi nilijua. Jikoni kwetu palikuwa kushoto kwake.

Walinipokea kwa shangwe. "Mtani kafika! Mtani kafika!" Wakanivalisha kofia ya marehemu, wakanipa bakora yake. Nikatembea kama yeye, tumbo mbele, mkono mmoja umenyanyua msuli, nikaruka maji ambayo hayakuwepo. "Watumwa wangu!" nikasema kwa sauti yake. "Nimeunga bomba langu kwenye chemba yenu siku ya Idi mkiwa mnaswali, na bado mafundi wangu wamekula pilau yenu!" Wakacheka. "Nimemwacha Tatu aitwe mtapishaji, na choo ni changu! Nimeichukua nyumba yake, na sufuria nimembebea!" Wanaume nao walikuwa wamesogea kusikiliza, wanajifuta machozi kwa vicheko. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilizidi kuwachekesha. Nikaenda kukaa mlangoni ambapo jeneza lingepita. Mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, akaja kwa adabu. "Mtani, unataka nini ili utupishe?" "Nataka aseme Tatu hakutapisha," nikasema. Akacheka, akaweka noti kwenye kofia iliyokuwa kichwani kwangu, na vijana wawili wakaninyanyua taratibu, kwa heshima zote, wakaniweka pembeni. Jeneza likapita. Niliitupa ile noti chini na mtu akaiokota akaniwekea tena mkobani, akisema mtani ana vituko.

Wanaume walipokwisha kuondoka kwenda makaburini, Bi Kalunde akatuma niitwe. Alikuwa chumbani kwenye godoro, amefunikwa khanga nyeupe, amezungukwa na wanawake wa ukoo. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Alinishika mkono akaupapasa kama anayetafuta kitu. "Mwanahamisi," akasema, "zile sabuni ulizomwaga kwa mjumbe. Nilizikata mimi, kwa uzi. Nilizijua palepale." Nikainama nimsikie vizuri. "Bomba lilikuwa letu. Tatu hakutapisha."

Wanawake wakaangua kicheko. "Haa, bi mkubwa naye!" mmoja akasema. "Kamrudishia mtani wake!" Bi Kalunde akawageuzia uso, mmoja mmoja, akitafuta sauti zinatoka wapi. "Sitanii," akasema. Wakacheka zaidi, wengine wakapiga vigelegele, wakafurahi kwamba mfiwa amepata nguvu. "Sitanii, jamani. Nasema kweli." Nikauona uso wake ukihangaika, na nilikuwa nimewahi kuuona uso wa namna hiyo. Akanibana mkono. "Waambie," akasema. "Mwana, waambie kwamba sitanii."

Nikavua kofia ya mumewe, nikaiweka mapajani mwake.

"Waambie mwenyewe," nikamwambia. "Mimi ni mtani tu."